Weusi wa Tairi

Otia hununua dawa ya matairi kwa pipa,
ya bei rahisi, inanuka mafuta ya taa,
na kila asubuhi soko la magari la Rustavi likifunguliwa
huniambia: Jemali, paka, paka,
yang'ae kama yametoka mvuani.
Na mvua haijanyesha tangu Juni.

Miaka tisa nimepaka.
Nimeona tairi likinywa mafuta yale kama mlevi asiyelipa,
likavimba ubavu, likalainika,
miezi ikapita likageuka rangi ya chai,
na vinyufa vikaanza kando ya herufi,
pale palipoandikwa upana wake na mwaka wa kuzaliwa.
Mpira una kinga yake, wameutia kiwandani;
mafuta huifuata humo humo ndani na kuitoa,
huku nje pakimeremeta.

Kwa hiyo mwezi wa pili, siku ya mshahara,
nilikwenda kwa Nanuli muuza vipuri,
nikanunua chupa moja kwa pesa yangu.
Nyeupe kama maziwa, imechanganywa kwa maji,
haikuachi na kichwa kinachogonga.
Nanuli akaonya: haing'ai sana hiyo.
Nikamwambia ndiyo niitakayo.

Kwanza brashi na sabuni.
Povu litoke kahawia, tena, tena, mpaka litoke jeupe.
Usiruke hapa; uchafu ukipakwa hubaki uchafu.
Acha likauke.
Sponji, tone dogo, ubavuni tu.
Kashata usiziguse, hizo ndizo zishikazo lami,
na atakayeteleza kwenye kona ya kwenda Tbilisi
hatajua utelezi ule ni wa mkono wa nani.
Dakika kumi. Futa iliyozidi,
isije ikarukia madigadi.
Kinachobaki ni weusi,
weusi basi,
wa tairi linalojijua kuwa ni tairi.

Otia aliitazama Opel akanuna.
"Mbona kama haijapakwa?"
Kizuri chajiuza, nikamjibu.
"Hapa," akasema, "hata kizuri hujitembeza."

Saa nne akaja muuguzi kutoka Marneuli, Sevinji,
akachuchumaa, pindo la koti kwenye changarawe,
akapitisha kidole gumba ubavuni
kisha akakitazama kidole: safi.
Akazunguka. Gurudumu la nyuma, kushoto,
akauona ufa, mfupi kama punje ya mchele,
ambao dawa ya pipa ingeuzamisha.
Mimi nilikuwa nimeuona tangu alfajiri.
Sikusema. Sikuufunika pia.

"Hili mlibadilishe,
au mpunguze lari mia na ishirini."

Otia alipunguza.
Jioni akanipunguzia mimi, kiasi hicho hicho.

Opel iliondoka polepole, nyeupe,
bila tone jeusi hata moja mlangoni.
Chupa imebaki nusu.
Nimeificha nyuma ya pipa.