Safu ya Saba, Kiti cha Kumi na Nne

Miaka kumi na tisa nilikaa kibandani
nikiuza tiketi za maegesho, kona ya Mtaa wa Nne na Reli,
miguu juu ya hita, redio ikikohoa.
Sasa navaa koti jeusi la vifungo vya fedha,
mkononi tochi ndogo kama kidole,
nawaonyesha watu viti.
Tiketi ni tiketi. Nachana kona, natabasamu.

Jumba lina kioo upande wa mto.
Upande wa mji ni shaba, ambayo wametuambia
itageuka kijani tukishakufa.
Meya alikata utepe kwa mkasi mrefu kuliko mjukuu wake,
akasema moyo wa mji umeanza kupiga tena.
Nilikuwa nyuma, nimeshika koleo la theluji.
Kipya kinyemi, nikawaza,
sehemu ya pili nikaimeza.

Nisiseme uongo, hapakuwa pazuri.
Lami ilipasuka, panya walikuwa na adabu kuliko wateja.
Ila upande wa mashariki maduka manne yalisalia,
yameegemeana kama walevi wanaorudishana nyumbani:
Nassif na mikate yake ya ufuta;
saluni ya Earlene, Jumamosi vioo vikitoka jasho;
Halvorsen muuza misumari, ambaye hakucheka hata kwa bahati mbaya;
na Vartan, fundi viatu,
aliyeongea huku misumari sita imekaa mdomoni
na hakumeza hata mmoja.

Barua ilikuja na nembo ya mji. Siku tisini.
Halvorsen akaenda Arizona kwa dada yake.
Earlene anasuka jikoni kwake, wateja wakipitia mlango wa nyuma.
Nassif sijui.
Vartan alirudisha viatu mlango kwa mlango,
hata ambavyo havijalipiwa,
akabaki na jozi moja ya buluu isiyo na mwenyewe.
Februari tukamzika, ardhi ngumu,
wachimbaji wakilaani kwa sauti ya chini.

Mimi nina ramani mbili kichwani.
Choo cha wanawake: misumari ya Halvorsen.
Pale anaposimama kiongozi wa okestra
ndipo kilipokuwa kibanda changu; naye pia
hupunga mikono kama anayezuia gari lisirudi nyuma.
Na safu ya saba, kiti cha kumi na nne,
ni benchi la Vartan. Nilipima kwa hatua
kabla hawajamwaga zege.

Novemba akaja Siranush, mjane wake,
tiketi ya roshani ya juu kabisa, zawadi ya mjukuu,
ngazi themanini na mbili kwa goti bovu.
Nikamshika kiwiko, nikamteremsha.
"Hapa?"
"Hapa."
Hakuuliza zaidi. Aliinama kama aliyeangusha hereni,
akaweka kiganja kwenye zulia,
akakiacha hapo mpaka taa zikafifia.

Mwenye kiti alichelewa, skafu ya hariri, pumzi ya divai.
Akanionyesha tiketi: saba, kumi na nne.
Nikamulika karatasi. Nikaizima tochi.
"Samahani bwana," nikasema, "hicho kina mwenyewe."
Nikampa kigoda changu cha mlangoni.
Kesho meneja ataniita. Na aniite.

Tulipotoka, chemchemi ya uwanjani ilikuwa imefungwa kwa baridi,
mabenchi na vile vyuma vya katikati
vilivyowekwa ili mtu asilale.
Vijana wawili waliteleza na ubao wao, wakicheka,
na kusema kweli kicheko kilipendeza pale, kilipata nafasi.
Siranush akauliza kituo cha basi kimehamia wapi.
Mitaa mitatu mbele, nikasema, nakusindikiza.

Alikuwa amevaa viatu vya buluu.
Juu ya mawe mapya visigino viligonga, kavu, bila haraka,
naye akitembea kama mtu anayesikiliza.