Mama Dirisha

Jumanne niliwasha redio kama kawaida,
betri mbili nilizozianika juani jana yake
zikiwa bado na roho ya asubuhi moja.
Makaa yalishashika. Nikalaza kola ya shati la mwalimu Andama
nikisubiri kikohozi.

Maana Asiku alianza na kikohozi,
kisha: "Arua, mmelala au mmekufa?"
kisha vifo vyenyewe.
Kwa vifo nilimaliza shati moja.
Kwa mbuzi waliopotea, suruali.
Kwa salamu, gauni zima la marinda, mbele na nyuma.

Siku hiyo ukapigwa muziki, na tena muziki,
halafu sauti ya kijana, laini kama sabuni ya hoteli:
"Mwenzetu ameondoka kutafuta malisho mapya."
Malisho!
Kwani Asiku ng'ombe?

Mlinzi wa kituo huniletea sare zake Jumatano.
Ndiye aliyenipa habari yenyewe, akitazama viatu vyake.
Walimpa bahasha. Alitoka na kikombe chake cha bati,
koti begani, akamwachia mlinzi nusu ya mkate.
Kosa: alisema hewani kwamba barabara yetu
imeshajengwa mara tatu, zote kwa mdomo,
na mwenye mdomo ndiye anayelipia matangazo ya saa moja.

Sisemi alikuwa malaika.
Alichelewa. Alicheka vichekesho vyake kabla hajavimaliza.
Mwaka ule alimtangaza mzee Toko marehemu,
Toko akaja kituoni kwa baiskeli, jasho linamtiririka,
kudai uhai wake.
"Haya, mzee, kanusha," akampa kipaza sauti.
Nilicheka hadi nikaunguza blauzi ya mtu.
Niliilipa ile blauzi. Sikujuta.

Na mimi, miaka tisa, hakuwahi kulipata jina langu.
Drichiru, nilimwandikia, kwa herufi kubwa.
Akasoma: "Salamu kwa Mama Dirisha, mpiga pasi wa sokoni!"
Mji ukalidaka papo hapo.
Dirisha, suruali yangu iko wapi?
Dirisha, una chenji?
Nilinuna wiki mbili. Ya tatu nikaitika.

Alipofariki mume wangu, Asiku hakukohoa.
Alisema polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa:
"Leo dirisha letu limeshusha pazia. Tupite kimya."
Na watu walipita kimya kweli.
Niliwaona, hata wauza samaki.

Jana nilituma salamu, kumjaribu kijana.
Leo kazisoma. Hakukosea hata herufi:
Drichiru.
Sawasawa, kama alivyoniita mama yangu,
na pasi mkononi, nikageuka nyuma
kutazama ni nani huyo anayeitwa.