Mita Mia Tatu na Kumi na Nane

Kapela, dereva wa kambi ya uwindaji,
aliileta ndani ya soksi ya mgeni,
soksi nene ya sufu, bado ina vumbi la Ugalla.
"Fundi Kalunde, hii inazimika yenyewe.
Mwenyewe kalipia korongo, na korongo hangojei chaji."

Nimezoea simu zilizoanguka chooni,
redio zenye mende, rimoti zilizotafunwa na watoto.
Darubini ya bunduki sikuwahi kuishika.
Bunduki yenyewe imebaki kambini, alisema, ndiyo sheria.
Nimeletewa jicho tu, bila mkono.

Ugonjwa wake mdogo: kutu kwenye mguso wa betri,
kijani kama ukoga wa mtungi.
Nikasugua kwa kifutio cha penseli, nikapuliza, ikawaka.
Lakini fundi hakabidhi kitu ambacho hajakijaribu.
Nikapanda nayo juu ya paa, kwenye matangi ya maji,
na Tabora nzima ikanisogelea usoni.

Kila nilichokigusa kwa kile kidoti chekundu
kilipewa namba.
Mnara wa simu, upande wa Cheyo: mia tisa na mbili.
Behewa la mizigo stesheni: mia saba na arobaini.
Mbuzi juu ya rundo la matofali: mia moja na sitini,
na chini ya namba, bila kuulizwa,
maagizo mafupi: inua hivi, sogeza hivi.
Inajua joto, nyuzi thelathini na moja.
Inajua hewa yetu ni nyepesi kwa kuwa tuko juu.
Inajua uzito wa risasi, na jinsi inavyochoka njiani,
ikainama kama mtu anayepita mbele ya wakwe.
Hesabu zilizonifelisha kidato cha pili
inazimaliza kabla sijafumba jicho la pili.

Kisha nikampata dada yangu.
Nyamizi, kwenye meza yake ya asali ng'ambo ya reli,
anafuta mdomo wa chupa kwa kidole, anakilamba,
vilevile alivyokuwa akigombezwa na mama.
Miaka sita hatusemezani,
kisa kiwanja cha Isevya na maneno yaliyotoka matangani.
Mita mia tatu na kumi na nane.
Nikabonyeza tena, nikidhani imekosea.
Mia tatu na kumi na nane.
Mimi nilikuwa nikipima kwa miaka.

Kioo kikauliza: UPEPO?
Hicho tu hakijui. Upepo ujaze mwenyewe.
Na mimi, Mungu anisamehe, mazoea ya kazi,
nikatazama pindo la kanga yake,
lilivyoinuka, likalala, likainuka tena kuelekea kusini.
Nikajaza.
Namba zikatulia. Kidoti kikahama kidogo,
kikakaa penye kifungo cha pili cha blauzi.
TAYARI.

Ngazi nilizishukaje, sijui.
Nakumbuka mikono yangu, ilivyokuwa ikinuka chuma
hata baada ya sabuni mara mbili.
Kapela akalipa elfu arobaini,
akaomba risiti ya tajiri isome sabini.
Nikaandika sabini. Soksi ikarudi porini.

Jumamosi nilifunga duka mapema
nikaelekea relini.
Hatua zangu fupi: zile mita
zinataka kama mia nne na hamsini.
Nikafika ya mia mbili na tisini.
Hapo pana fundi baiskeli, akaniuliza nataka nini.
Nikamwambia, pancha.
Akachungulia nyuma yangu, akitafuta baiskeli.

Ng'ambo, kanga ileile.
Upepo umegeuka, sasa unatoka kwake.
Unanuka nta.