Daftari la Kurasa Thelathini na Mbili

Nililinunua Luanda, duka lililo mkabala na kinu cha posho,
shilingi ishirini, jalada la samawati,
nyuma limepigwa chapa jedwali la kuzidisha.
Muuguzi akaandika juu: KAGEHA JERIDA. KISUKARI.
Basi nikawa mwanafunzi tena, miaka hamsini na minne,
bila sare, bila kengele,
na mwalimu mwenye dakika tatu.

Mbele ni kwa daktari.
Mwandiko wake unakimbia kama kuku aliyeona mwewe.
Mwanangu wa kidato cha nne aliukodolea macho
akatoka na maneno mawili tu: mara mbili.
Mara mbili nini?
Sijui, mama. Labda kila kitu.

Nyuma ni kwangu.
Ninaanzia kwenye jedwali nikija mbele,
kwa penseli, maana majibu hubadilika.

"Ugali?" ndilo swali langu la kwanza.
Daktari alisema, punguza.
Nipunguze hadi wapi?
Mlango ulikuwa umeshamwita mwingine.
Kuuliza si ujinga; aliyesema hivyo
hakupanga foleni ya Jumanne.

Nikauliza benchini.
Benchi la nje, chini ya mabati, ndilo chuo chetu.
Mzee Endeki, aliyekatwa kidole, anafundisha miguu:
ikague kila jioni, katikati ya vidole,
kama unayechambua mchele wa wageni.
Finike muuza omena anafundisha kipimo:
ugali usizidi ngumi yako,
yako, si ya mume wako.
Tulicheka mpaka muuguzi akachungulia dirishani.

Niliandika pia ya redioni, saa nne usiku,
mtu wa sauti ya asali akiuza unga wa mizizi:
siku ishirini na moja tu, utatupa sindano.
Nikaandika namba yake.
Nikaandika bei.
Nikalala nikimhesabu mbuzi wangu, mmoja,
nikimhesabu tena.
Asubuhi nikampigia Mideva, binti wa kaka, anayesomea uuguzi Kakamega.
Alinyamaza kidogo, kisha: Shangazi, mbuzi abaki.
Nikafuta. Lakini namba ile bado inaonekana
ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Ukurasa wa tano kutoka nyuma:
"Insulini yataka baridi. Sina friji."
Hili lilikaa mwezi mzima bila jibu
hadi mama mmoja wa kutoka Emuhaya, mgeni benchini,
akaniinamia: chungu ndani ya chungu,
mchanga katikati, maji asubuhi na jioni,
kitambaa kibichi juu.
Sikumwuliza jina. Jumanne iliyofuata hakuja,
wala ile nyingine.
Nimemwandika Mama wa Chungu.
Kila nikitia mkono kutoa chupa
ubaridi unanisalimu kwa sauti yake.

Hivyo tukaenda, daktari akija kutoka mbele, mimi kutoka nyuma,
kama watu wawili wanaolima shamba moja
kila mmoja na mpaka wake,
mahindi yamewafunika, hawaonani.

Oktoba tulikutana kwenye pini.
Hapo katikati nilikuwa nimeandika, herufi ndogo:
"Mama alikufa haoni. Mimi je?"
Mdomo ulikuwa umekataa kulisema.
Nikadhani karatasi italisema.
Nikalitoa daftari kama kawaida, nikaangalia sakafu.
Lilirudi. Juu ya penseli yangu, kwa wino:
Sukari 11.2. Aendelee. Arudi wiki nne.

Jana nimenunua jingine. Bei imepanda, thelathini.
Safari hii sikwenda nyuma.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza,
kwa kalamu ya wino niliyoazima kwa Finike, yanuka omena,
nimeandika kwa herufi za mtoto wa chekechea:
MACHO YANGU.
Nikaruka mistari sita,
nikaichora fremu,
nikaiacha wazi.