Mpaka Grisi

Kapita Kyungu alinipa kopo na kijiti kilichofungwa tambara,
akasema: "Gurudumu likilia njiani, ujue wewe ulilala."
Nilikuwa na miaka kumi na saba
na ovaroli ya marehemu mjomba, mikono imekunjwa mara tatu.

Usiku karakana ya reli, Lubumbashi, ilinuka makaa na mvua.
Nilijilaza chini ya behewa, shaba juu ya kifua changu,
tani arobaini za mali isiyo yangu,
nikihesabu magurudumu: manane, kumi na sita,
hesabu inapotea, naanza tena.

Mshahara wa kwanza nilinunua sabuni mbili.
Mama, kule Katuba, alinisugua kucha kwa mchanga
kabla ya kuniwekea bukari. Hazikutakata.

Leo nina ofisi ndogo, kalamu, kiti cha kuzunguka.
Kikilia, nafunga mlango,
nachovya kidole kwenye kopo nililolificha nyuma ya mafaili.
Jana Nsenga, karani kijana, alinikuta nimepiga magoti.
"Umeangusha nini, bwana?"
Nikakizungusha kiti. Nikamwambia,
sikiliza.
Hakusikia kitu.
Ndiyo kazi yenyewe.