Silabi ya Tatu

Darasa la jioni, Katindo. Umeme umekatika.
Mwalimu Kahambu anaandika kwa tochi ya simu:
Kiingereza hutaka foleni —
nani, alifanyaje, vipi, wapi;
lini aje mwisho.

Natii. Mama. Alikimbia. Upesi. Mpaka. Kwangu.
Ndani ya moshi.
Kila neno limesimama peke yake,
katikati pengo la kutosha volkano kupita.

Kwetu ni alinikimbilia tu.
Neno moja, lisilo na ufa;
nami nimo humo, silabi ya tatu,
nimebanwa kati ya mama na mbio zake.

Daftari linarudi na wino mwekundu: umesahau lini.

Sikusahau, mwalimu.
Saa ilibaki ukutani,
na ukuta ukabaki chini ya mawe.