Nukta, Nukta, Mkwaju

Seva ya ratiba ya maji niliiwasha jana
chumbani kwangu, nyuma ya stendi ya Newala.
Kwangu iliitika.
Leo ofisini kwa Nambunga imeitwa mara saba,
mara saba imejibu: ukurasa haupo.

Upo. Nimeuweka mwenyewe.
Naisoma njia niliyoiandika:
nukta, nukta, mkwaju
(kile kistari kilichoegama kama mlevi),
nukta, nukta, mkwaju,
nukta, nukta, mkwaju, kurasa, mkwaju, mitaa, mkwaju, jumanne.
Panda, panda, panda, ndipo ushuke.
Kila ukurasa nimeubebesha mlima wake.

Miguu ya mama inazijua njia za namna hii.
Alfajiri, ndoo kichwani, mpaka ukingo wa genge,
kushuka bondeni kwenye chemchemi,
kupanda na maji yanayopungua kila jiwe linapoteleza.
Kona alizihesabu kuanzia mlangoni kwake.
Shangazi, aliyetoka kwao Kitangari, akafuata hesabu ileile
akatokea kwenye mihogo ya watu,
akarudi na ndoo tupu na matusi.

Hapo nikacheka peke yangu. Nambunga akanitupia jicho.
Ukurasa hauna kosa.
Mimi ndiye niliyeelekeza kwa kuhesabu kutoka nilipokaa jana,
na leo seva imeamkia nyumba nyingine.

Nikaifuta milima.
Juu kabisa nikaandika, mara moja tu:
anzia hapa, faili hili linapolala,
hata likihamishwa.
Kisha mstari mwingine, mfupi:
folda ya umma ni hii, gawa kilichomo,
na anayetaka kuparamia ua, asipewe.
Sasa mwenye shida ya ratiba ya Jumanne anasema jumanne, basi.
Bomba lenyewe linajua lilikopita.

"Mistari miwili? Siku nzima?"
Siku nzima, Nambunga.

Nikampigia mama kumwambia ukurasa umefunguka.
"Na maji?"
Nikausoma: mtaa wenu, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri.
Akanyamaza.
Nyuma ya ukimya wake nikasikia ndoo
ikiburutwa kwenye saruji, ikiwekwa chini ya koki,
na leo ni Jumatatu.